Kapteni Joubert na Mwanawe: Kumtumaini Mungu Njia Inapokatika



Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kwa jina la Baba Mtakatifu wenye heri wanne, mashahidi waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964. Tulishangilia, na ilikuwa haki tushangilie. Lakini haikupita miezi sita, Goma ikatekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Tangu siku hizo kuna swali ambalo halikosi kusikika tunapomaliza sala katika jumuiya zetu za msingi, na mara nyingi linatoka kwa akina mama: ikiwa Mungu ametupatia waombezi wapya katika ardhi yetu wenyewe, mbona taabu imezidi?

Sisi tunaofundisha katekesimu tunalo jibu la haraka. Tunasema kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha tunakunja kitabu. Jibu hilo lina ubaya wake: linaufunga mdomo wa anayeuliza pasipo kuugusa moyo wake. Rafiki za Ayubu nao walikuwa mafundi wa majibu ya haraka, na mwishoni mwa kitabu kile Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelia na kulalamika mchana kutwa. Kwa hiyo leo tunaomba ruhusa ya kuyaacha majibu kwa muda na kutazama historia, maana katika wale wanne wa Uvira mmoja alikuwa mtoto wa ziwa letu, Padri Albert Joubert, na baba yake ameacha habari ndefu kando ya Tanganyika. Maisha ya watu hao wawili, tukiyashika pamoja, yanachukua karibu miaka 122, na ndani yake hatuoni mpango hata mmoja uliofika mwisho kama ulivyopangwa.

Baba, Léopold Louis Joubert, alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alijiunga na askari wa kujitolea walioilinda Dola ya Papa, wale ambao baadaye waliitwa Wazuavu. Kwake yeye hiyo haikuwa kazi ya mshahara. Aliamini, kama walivyoamini Wakatoliki wengi wa zama zile, kwamba Kanisa haliwezi kusimama kama Papa hana nchi yake, na kwamba Mungu hangeruhusu Roma ianguke. Roma ilianguka tarehe 20 Septemba 1870. Kapteni alikuwa na miaka 28, na jambo alilolitolea ujana wake lilikuwa limekwisha. Leo sisi tunaona kwamba Kanisa lilizidi kusimama pasipo mizinga ya Papa, na pengine lilisimama vizuri zaidi. Lakini hayo ni rahisi kwetu kuyasema, sisi tuliozaliwa baada yake. Askari yule alirudi kwao bila kujua.

Miaka kumi ilipita kabla ya mlango mwingine kufunguka. Mwaka 1880 Kardinali wa baadaye Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alitafuta askari wa zamani wa Papa ili wafuatane na misafara ya wamisionari iliyotoka pwani kuelekea maziwa makuu. Joubert alikuwa mmoja wao. Njia ilikuwa ya miguu, miezi na miezi kutoka Bahari ya Hindi, homa ikiwa ndani ya kila hema.

Hapa inafaa tueleze habari za Mpala, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Boma la Mpala, kando ya ziwa kaskazini ya Moba, lilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, kwa niaba ya chama cha kimataifa alichokiunda mfalme Leopold wa Pili. Tusiifanye historia ya misioni zetu kuwa hekaya tamu: mwishoni mwa mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga, ambaye mwenyewe alikuwa mkamata watumwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka uliofuata mfalme aligeuza macho yake kuelekea mdomo wa mto Kongo, akawaachia Mapadri Weupe vituo viwili vya ziwani, Mpala upande wetu na Karema ng'ambo. Hivyo nyumba ambamo Injili ilianza kufundishwa katika nchi ile ilikuwa boma la vita lililokwisha kuona damu. Lavigerie aliiona nafasi hiyo akawaza makubwa zaidi, ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, wenye mlinzi wake, ambamo watu waliokimbia utumwa wangeishi kwa amani. Kwa ajili ya ulinzi huo Kapteni Joubert, aliyekuwa amerudi Ufaransa mwaka 1885, aliitwa tena, akafika Mpala mwaka 1887.

Ufalme ule haukupata kuzaliwa. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha kuikata ramani, Lavigerie alifariki mwaka 1892, na Dola Huru ya Kongo ikaja na bendera yake na askari wake. Yule aliyeitwa ili awe mkono wa mtawala Mkristu akajikuta mtu mmoja mwenye bunduki chache, kijijini, katikati ya makundi ya wakamata watumwa yaliyopita huku na huko kwa ajili ya wakubwa wa Ujiji. Alipigana nao miaka kadhaa. Vijiji vya watu waliokimbia vilimzunguka. Mwaka 1888 alimwoa kwa ndoa ya Kanisa binti wa nchi ile, Agnes Atakao, akatulia Saint-Louis de Mrumbi, akazaa watoto, akalima. Wengi waliokuja naye kutoka Ulaya walirudi kwao au walifia njiani. Yeye hakurudi tena.

Sisi tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulidhani kwamba hapo ndipo inapoishia, kwa ushindi: biashara ya utumwa inavunjwa, shujaa anakaa na familia yake, kengele ya kanisa inalia. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia pwani ya ziwa. Ulikuwa adui asiyepigwa risasi. Vijiji ambavyo bunduki za Kapteni ziliviokoa na pingu vilimalizwa na nzi mdogo aitwaye ndorobo, na serikali ya kikoloni ikawaamuru watu waliobaki waihame pwani. Mrumbi, kazi ya miaka zaidi ya ishirini, ikaachwa ikamezwa na majani. Kapteni akahamia Misembe, karibu na Baudouinville, mji ambao leo unaitwa Moba. Kisha macho yake yakazimika. Aliishi kipofu mpaka alipofariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Tukumbuke kwamba huyo alikuwa askari. Mtu aliyeishi kwa jicho la kulenga shabaha alimaliza siku zake akishikwa mkono. Roma yake ilianguka, ufalme aliotumwa kuulinda haukuzaliwa, kijiji chake kilikufa, macho yake yalizimika. Kama kumtumaini Mungu maana yake ni kutegemea kwamba Mungu ataikamilisha mipango yetu mizuri, basi mtu huyo alidanganywa mara nne. Lakini kila mara njia ilipokatika tunamkuta, miaka michache baadaye, akifanya kazi iliyo karibu naye, ambayo daima ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza: kutoka kumlinda Papa akafika kulinda kijiji, kutoka kijiji akafika kulea watoto, na kutoka hapo akafika kwenye kiti cha kipofu. Hatuna njia ya kujua aliyosema na Mungu wake katika giza lile. Tunajua tu kwamba alibaki.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika miaka ile ile, aliishi mlei mwingine ambaye sisi walei tungefanya vema kumtaja mara nyingi zaidi. Adrien Atiman alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akaibwa akiwa mtoto na kuvushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa mwaka 1876 huko Algeria. Walimsomesha utabibu Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, akawa katekista na tabibu mpaka kifo chake mwaka 1956. Hakuna mtoto anayechagua kuibwa, na sisi hatuthubutu kusema kwamba Mungu alipanga aibwe ili wagonjwa wa Karema wapate tabibu. Tunakataa hesabu ya namna hiyo, hata ikisemwa na wahubiri wanaopendwa. Uovu wa waliomwiba ulikuwa uovu. Ila Mungu hakuuachia uovu ule neno la mwisho juu ya mtoto yule, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Turudi kwenye familia ya Mrumbi. Albert alizaliwa huko tarehe 18 Oktoba 1908, baba yake akiwa na miaka 66. Alikua kati ya watu wawili, Mfaransa mzee aliyekuwa akipoteza nuru ya macho na Agnes, mama wa nchi. Kati ya weupe na weusi, katika koloni iliyopenda kuwagawa watu kwa rangi, mtoto wa namna hiyo hakuwa na mahali pake palipotayarishwa. Lakini jimbo lile la Tanganyika lilikuwa limekwisha kumpata padri wake wa kwanza Mkongo: Stefano Kaoze, kijana wa Marungu, alipadirishwa Baudouinville mwaka 1917 na Askofu Victor Roelens, akiwa wa kwanza katika Kongo yote. Njia ilikuwa imefunguliwa. Albert aliifuata, akapadirishwa mwaka 1935. Baba yake hakuiona siku hiyo, alikuwa amelala kaburini miaka minane.

Ndipo tunafika mwaka 1964, na wazee wetu wanaoukumbuka mwaka huo bado wanateremsha sauti wanapousimulia. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Lumumba alikuwa ameuawa, mishahara haikulipwa, na ahadi za 1960 zilikuwa zimegeuka dhihaka mbele ya macho ya wanakijiji. Januari, Pierre Mulele aliwasha uasi Kwilu. Upande wetu Gaston Soumialot alifanya kazi hiyo akitokea Bujumbura, na bonde la Ruzizi pamoja na milima ya Fizi vikawaka. Wapiganaji walijiita Simba, wakinyunyiziwa maji ya dawa waliyoambiwa yatazigeuza risasi. Tusiwasahau wao pia tunaposimulia. Walikuwa vijana wa nchi hii, na wengi wao walikuwa na malalamiko ya kweli kabla ya kuwa na bunduki.

Uvira ilikuwa jimbo changa, lililoundwa mwaka 1962 chini ya Askofu Danilo Catarzi, Mwitalia wa shirika la Wamisionari Wasaveri, lile lililoanzishwa na Mtakatifu Guido Maria Conforti mwaka 1895. Wasaveri walikuwa wameingia Kongo mwaka 1958. Walikuja kwa miaka mingi ya kazi ya utulivu, shule, zahanati, ubatizo, na baada ya miaka sita walijikuta katikati ya vita. Askofu mwenyewe na baadhi ya wamisionari walishikwa mateka Uvira kwa miezi kadhaa, wakaachiliwa Oktoba. Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kuwaokoa Wazungu waliokuwa mateka, na hasira ya waasi ikawaangukia wageni waliobaki katika nchi waliyoitawala.

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi. Tulifungua kalenda ya zamani ili kuhakikisha, na tukaona pia kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Watu walikuja kuungama, kama Wakristu wanavyofanya kabla ya kipindi kitakatifu, ingawa nchi yote ilikuwa ikiungua. Gari la kijeshi likasimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, aliamriwa apande. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa ndani akiwaungamisha waamini. Akatoka. Naye aliamriwa apande, akachagua kubaki na mwenzake, akapiga magoti karibu na mwili wake, na hapo akauawa. Gari likaendelea na njia. Jioni likafika Fizi. Padri Giovanni Didoné, mwenye miaka 34, alifungua mlango, risasi ikamwangusha. Padri Albert Joubert, mwenye miaka 56, mtoto wa Kapteni na wa Agnes Atakao, aliuawa pia. Siku tatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mbali kaskazini huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta naye alitoa uhai wake.

Kuna wanaotuambia kwamba mwana alimtumaini Mungu kuliko baba, kwa sababu baba alishika bunduki na mwana alikufa mikono mitupu. Sisi hatukubali kupima hivyo. Kapteni aliwasimamia watu ambao kesho yake wangefungwa pingu na kuuzwa. Kukaa bila kuwalinda kungekuwa kuwatupa. Padri Albert hakuwa na kijiji cha kulinda kwa silaha, alikuwa na kundi la kulichunga na wenzake wa kukaa nao. Kila mmoja alikutana na saa yake. Tunachokiona kikifanana kwa wawili hao ni kwamba hakuna aliyedai Mungu amwonyeshe kwanza mwisho wa njia ndipo aendelee kutembea.

Tuangalie pia saa yenyewe ilivyowakuta. Padri Carrara hakuwa katika sala ya pekee ya kujiandaa kwa kifo. Alikuwa katika kazi ya kila Jumamosi, ile ambayo mapadri wenyewe husema inachosha, kukaa kitini na kusikiliza dhambi zile zile. Padri Didoné alikuwa anafungua mlango. Ni tendo ambalo mtu wa misioni hulifanya mara ishirini kwa siku, kwa mgonjwa, kwa mwombaji, kwa mtoto aliyetumwa kuazima jembe. Tunapowafundisha vijana habari za mashahidi huwa tunapenda kuwachorea simba wa Roma na viwanja vilivyojaa watu. Mlango wa Fizi uko karibu nasi zaidi.

Sasa tumrudie yule mama anayeuliza. Hatuwezi kumwambia kwamba wenye heri wetu watazuia mabomu, maana wao wenyewe hawakuzuiliwa risasi. Hatuwezi kumwambia kwamba shida hii italeta jambo jema ambalo sisi tunalijua, maana hatulijui. Tunaweza kumsimulia habari hii yote, pamoja na Roma iliyoanguka na Mrumbi iliyoachwa, kisha tukae naye. Akitaka kulia, alie. Zaburi nyingi ni kilio, na Kanisa linazisali kila siku bila kuzirekebisha.

Tena kuna jambo moja ambalo katika sherehe za mwaka 2024 halikutajwa sana, na linatuhusu sisi walei. Vita vya 1964 havikuisha Fizi mwaka ule. Mwaka 1965 hata Che Guevara alifika katika milima ile na wapiganaji wake kutoka Kuba, na baada yake Laurent-Désiré Kabila aliweka makao yake ya uasi huko kwa miaka mingi. Katika nchi ya namna hiyo padri hafiki kila mwezi, pengine hafiki kila mwaka. Anayebaki na watu ni katekista, mtu wa kijiji, mwenye mke na shamba, aliyesoma kidogo. Ndiye anayegonga kengele Jumapili, ndiye anayesoma Injili, ndiye anayezika. Daftari la ubatizo lina nafasi ya jina la aliyebatiza, na wakati wa amani nafasi hiyo hujazwa jina la padri. Mtoto akizaliwa porini, mama yake akiwa mkimbizi na homa ikimpanda, maji humiminwa na yeyote aliye karibu, na padri anapofika baada ya miezi au miaka, daftari mkononi, anaketi chini ya mti na kuuliza ni nani aliyembatiza huyu, na huyu, na yule, kisha anaandika jina la mwalimu wa kijiji, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa unajaa.